Tunahesabu Meno Yaliyong'olewa, Yanayooza Anayahesabu Nani?

Wadau, leo ni meno ya watoto. Najua kuna mtu tayari kidole kiko kwa skrini anataka kupita. Ngoja kwanza, maana hii stori ni ya kaunti na pesa zake.

Katika vituo vya afya vya serikali, kila mwezi ukiisha kuna fomu inajazwa, inaitwa MOH 705. Ni muhtasari wa wagonjwa wa nje: moja ya watoto chini ya miaka mitano, nyingine ya waliozidi hapo. Malaria ina mstari wake, kuhara kuna mstari wake, na meno pia yamepewa mstari. Mmoja. Matatizo ya meno, basi. Mtoto mwenye shimo dogo na mtoto aliyevimba shavu mpaka jicho limefungika, wote wanaingia humo kama namba tu. Namba inapanda kwa mfumo wa taifa, Nairobi wanaiona kwa kompyuta, halafu tunaambiwa afya ya kinywa inafuatiliwa.

Mimi nasema haifuatiliwi. Fomu inahesabu waliofika, na huku kwetu hakuna anayempeleka mtoto hospitali kwa sababu ya jino ambalo haliumi. Likianza kuuma, kwanza ni karafuu. Kisha maji ya chumvi. Kisha Panadol nusu kutoka dukani. Kuna nyanya atasema ni mdudu wa jino, atatoka tu. Ukifika kwa daktari ni siku ya nne au ya tano, na wakati huo dawa iliyobaki ni koleo. Kwa hivyo hizo takwimu zinatuonyesha mwisho wa safari. Mwanzo wake hauko kwa karatasi yoyote.

Mwaka 2015 Kenya ilifanya utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa, wa kwanza wa aina yake. Watoto waliokutwa na meno yaliyooza walikuwa asilimia 23.9, karibu mmoja kati ya wanne. Ilikuwa kazi nzuri na inayohitajika. Lakini mtoto aliyefunguliwa mdomo akiwa na miaka mitano mwaka ule, leo yuko sekondari, na bado hiyo ndiyo namba tunayonukuu kila mtu akipewa kipaza sauti. Tena ni wastani wa nchi nzima. Haiwezi kuniambia kama watoto wa Kibomet wana afadhali kuliko wa Kiminini, au kama Bungoma, na miwa yao yote, wanatushinda ama tunawashinda.

Na usiniambie hayo ni meno ya maziwa yatang'oka tu. Jirani yangu hapa Kibomet alimpeleka kijana wake wa miaka tisa kwa kituo kimoja, jino la nyuma limetoboka vibaya. Likang'olewa. Mama akauliza, "Daktari, si lingine litamea?" Akajibiwa, "Mama, hilo lilikuwa la ukubwani." Alishangaa, na si yeye peke yake. Gego la kwanza la ukubwani humea mtoto akiwa na miaka kama sita, nyuma kabisa ya meno ya maziwa, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Mzazi haoni pengo, kwa hivyo hajui kuna mgeni. Linaanza kazi kwa mdomo ambao tayari umejaa bakteria waliozoea sukari, na mwenye mdomo huo bado hajui kupiga mswaki vizuri. Hayo ya maziwa nayo, magego yake hukaa mpaka miaka kumi hivi au kumi na mbili. Mtoto anayetafunia upande mmoja kuanzia PP1 ana miaka mingi ya kuteseka mbele yake, na usingizi anaokosa hauandikwi popote.

Sukari tunaijua. Kile watu hawajui ni kwamba shida kubwa ni mara ngapi, kuliko ni kiasi gani. Kila ukiweka kitu kitamu mdomoni, bakteria wanatengeneza asidi, na jino linapigwa kwa kama nusu saa kabla mate hayajatuliza. Sasa chukua mtoto wa shilingi kumi. Switi moja asubuhi akienda shule, ingine mapumziko, ingine akirudi, chai ya sukari nyingi jioni, na kama ni mdogo, chupa ya maziwa yenye sukari ya kulalia. Jino halipumziki. Angekula zote tano mara moja baada ya chakula, ingekuwa afadhali. (Wenye maduka msinichukie.) Na mama anayempa mtoto biskuti ili aweze kufua kwa watu saa mbili bila kelele, mimi simlaumu. Biskuti iko kila kona na ni bei rahisi. Daktari wa meno yuko mjini, na boda ni pesa.

Kuna jambo la floraidi pia. Utafiti ule ule wa 2015 ulipata watoto 4 kati ya 10 wana meno yenye madoa ya floraidi iliyozidi, na kwa sehemu kubwa hiyo inatokana na maji ya kunywa. Ukipita Nakuru na Naivasha unajua ninachosema. Sasa wazazi wengine wakiona yale meno ya kahawia wanaogopa hata dawa ya meno yenye floraidi, wakati WHO iliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Nchi moja, watu wengine floraidi imewazidi kwa kisima, wengine hawaipati kwa mswaki. Huwezi kutibu hivyo kwa wastani. Lazima ujue kisima kwa kisima, shule kwa shule.

Hapa ndipo nashikana na kaunti. Angalia orodha ya kazi za kaunti kwenye Katiba ya 2010: vituo vya afya ni vyao, na elimu ya chekechea ni yao. Watoto ni wao, mwalimu ni wao, nesi ni wao. Hakuna haja ya kungoja waziri. Gavana akitaka kujua meno ya watoto wote wa PP2 Trans-Nzoia, anahitaji afisa wa afya ya kinywa, kioo kidogo, mwanga wa jua na daftari. Maafisa hao wanafunzwa KMTC, na kazi yao hasa ni kukinga. Kuwafungia chumbani wang'oe meno siku nzima ni kama kununua trekta ulifanye kiti.

Uskoti wanafanya hivi. Kila mwaka wanakagua watoto wanaoanza shule ya msingi, na mzazi anapata barua ya kumweleza hali ya mtoto wake. Mwaka 2003 wasiokuwa na dalili za kuoza walikuwa asilimia 45. Mwaka 2006 mpango wa Childsmile ukaanza, watoto wa nasari wakipiga mswaki kila siku wakiwa shuleni, mtu mzima akiwaangalia. Kufika 2018 ikawa asilimia 71. Najua utasema hao wana pesa. Sawa, Ufilipino je? Huko shule za serikali zimeunganisha kunawa mikono, mswaki wa kila siku na dawa ya minyoo kuwa ratiba moja. Sisi dawa ya minyoo mbona tuliweza? Walimu waliigawa darasani na mambo yakaenda.

Hebu tupige hesabu. Mtoto wa miaka minne au mitano anahitaji dawa ya ukubwa wa punje ya minji, robo gramu hivi. Darasa la watoto 40 ni gramu 10 kwa siku. Tyubu ya gramu 100 inakaa siku kumi za shule, na muhula wa wiki 13 unahitaji tyubu 7. Ongeza mswaki mmoja kwa kila mtoto. Na usilete maneno ya maji hakuna, kwa sababu mtoto anatema mate na haifai asukutue, ndio floraidi ibaki kwa meno.

Wadogo zaidi wanarudi kliniki miezi 9 na miezi 18 kwa chanjo ya surua. Nesi akiinua mdomo wa juu aangalie kama kuna mstari mweupe karibu na ufizi, ni sekunde kumi. Huo mstari ndio mwanzo wa kuoza, na hapo bado unaweza kurudishwa bila sindano. Hata kama shimo limeanza, iko dawa ya maji yenye fedha na floraidi inayopakwa kwa brashi ndogo na kulisimamisha. Jino linabaki jeusi, lakini linabaki. Na hawa wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba mwaka 2023, tayari wanaingia nyumba hadi nyumba. Swali moja la meno halitawavunja mgongo.

Mikutano ya maoni ya bajeti ikiitishwa tena, nitaenda kuuliza kitu kimoja: mwaka huu, watoto wangapi wa PP2 Trans-Nzoia wana meno mazima yote? Nitaweka jibu hapa hapa, hata kama ni kukohoa tu.