Kadi ya Laki na Nusu, Wakati Gombe Iko Nyuma ya Nyumba

Kuna kijana mmoja wa Kalinzi, jina kapuni, mwaka jana kahawa ilimlipa vizuri tu. Pesa ilipoingia hakununua bati wala mbolea. Alilipa laki na nusu kuwa mwanachama wa klabu ya safari. Aliyeitangaza ni dada mmoja mwenye jina kubwa Dar, kavaa miwani, nyuma yake mabembea ya Dubai. Ahadi ilikuwa tamu: mwanachama anapata punguzo hadi nusu bei, hotelini na kwenye michezo ya maji. Sasa mwaka unaisha, kadi bado inang'aa, na kijana hajaenda popote.

Kijiweni wanasema kaibiwa. Hapana, hajaibiwa. Punguzo lipo kweli. Ila nusu ya bei usiyoiweza nayo inaweza ikawa bei usiyoiweza. Klabu haikumlipia pasipoti, viza wala ndege. Dada naye hana kosa kubwa, analipwa kutangaza. Lakini angesema basi kadi ile inamfaa nani.

Maana hizi kadi zina hesabu yake. Kadi ya mwaka ya Disneyland inamrudishia hela mtu anayekaa jirani kule California, anayeingia mara sita au mara kumi kwa mwaka. Wa kwenda mara moja analiwa tu. Hata kwenye michezo ya maji ya Kunduchi, Dar, mtu wa Kalinzi anakula zaidi ya kilomita 1,000 za basi kabla hajalowa. Ukikaa mbali, nauli inameza punguzo lote.

Kichekesho ni kwamba kijana ana kadi nyingine kwenye pochi, na ndiyo yenye punguzo la kweli: kitambulisho cha NIDA. Ng'ambo ya milima ya Kalinzi kuna Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968, pale pale Jane Goodall alipofika Julai 1960 kuwachunguza sokwe mtu. Mgeni wa nje anatozwa kiingilio dola 100, kodi bado. Mtanzania analipa kwa shilingi, tena kidogo sana ukilinganisha na hizo dola. Klabu gani inatoa punguzo la hivyo?

Kinachouma Gombe ni boti, sio geti. Hakuna barabara ya gari ya kuingia, lazima upite ziwani. Ukikodi boti peke yako utalia. Boti za abiria za Kibirizi zinazokwenda Mwamgongo ni rahisi, ila zina saa zake, unaweza kulazimika kulala huko, na malazi nayo ni hela.

Hapo kinamama wa kikoba kimoja huko huko Kalinzi wamemzidi akili kijana. Walichanga kidogo kidogo, wakashuka na Hiace mpaka mjini, wakakodi boti moja kwa siku. Chukulia boti ni laki tatu: mtu mmoja ni laki tatu, watu 12 ni elfu 25 kila mmoja. Chakula walibeba kutoka nyumbani. Waliuliza bei za hifadhi kabla ya kuondoka, pamoja na hela ya mwongozaji, kwa sababu huruhusiwi kufuata sokwe bila yeye. Watoto wadogo waliwaacha, nao hawaruhusiwi kuwafuata sokwe. Huo ndio uanachama wenye faida, na hauna kadi ya kung'aa.

Watu watasema Gombe sio ya kuposti, sokwe hana mabembea. Sawa, kila mtu na starehe yake. Ila kijana huyo ana mama. Mama kazaliwa nyuma ya milima ile, kachuma kahawa huko miaka yote, na mpaka leo hajawahi kumwona sokwe mtu. Mtoto kamwahidi mara mbili. Njia za Gombe ni za kupanda mlima, na magoti ya mama yameshaanza kusumbua.

Kadi ya klabu inaweza kulipiwa tena mwakani. Magoti hayalipiwi. Kikoba kinakusanya safari nyingine sasa hivi, na nafasi zipo. Je, kijana ailipie tena klabu, au ampeleke mama? Wadau mnasemaje?