Mkrismasi haujafa, usiukate

Mzazi, mkrismasi wa uani umebaki matawi matupu na maganda meusi? Usishike panga. Mti huu hupukutisha majani kiangazi. Kwangua kijiti kwa ukucha. Ukiona kijani ndani, uko hai, na kuelekea Desemba utajaa maua mekundu.

Mjohoro ni ndugu yake katika jamii ya mikunde, lakini tabia ni tofauti: una majani mwaka mzima na maua yake ni ya njano. Ukitaka kivuli cha watoto miezi yote, panda mjohoro.

Mkrismasi upande mbali na ukuta, kwani mizizi yake hutambaa juujuu. Watoto wasiuparamie, matawi yake hukatika kirahisi.