Rubani Hulala kwa Sheria, Dereva wa Basi kwa Bahati

Agosti 15, 2022, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Khartoum ilifika Addis Ababa na kuupita uwanja ikiwa bado juu, futi 37,000. Waongoza ndege waliita, wakaita tena, kimya. Ikaelezwa kwamba marubani wote wawili walikuwa wamesinzia, na kilichowaamsha ni king'ora kilicholia pale mtambo wa kuiendesha ndege yenyewe ulipojizima. Wakageuka, wakatua salama kama dakika 25 baadaye. Shirika likawaondoa kazini kupisha uchunguzi. Hakufa mtu, lakini habari hiyo ilizunguka dunia nzima.

Sasa njooni Mashewa. Sisi ndege tunaziona zikipita juu ya Usambara. Chetu ni kosta na basi: Mashewa, Magoma, Korogwe, halafu barabara kuu, upande mmoja Dar es Salaam, upande mwingine Moshi na Arusha. Kwenye barabara hiyo dereva akifumba macho hakuna king'ora. Kuna lori linalokuja mbele. Wala hana dakika 25 za kugeuka na kujaribu tena.

Mtasema nalinganisha mbingu na ardhi. Nalinganisha, tena kwa makusudi. Mtu aliyebeba roho 60 kwa kilomita 90 kwa saa ana haki ya usingizi sawasawa na aliyebeba roho 60 angani. Tofauti ni moja tu: rubani akisema "nimechoka, sirushi", kesho bado ana kazi. Dereva wetu akisema hivyo, jioni usukani una mtu mwingine. Stendi haikosi deiwaka, dereva wa kibarua cha siku, aliyeegemea ukuta akisubiri simu ya tajiri. Na mtu asiye na uhakika wa kazi yake hawezi kukiri uchovu, hata umwekee mabango ya usalama barabarani kutoka Segera hadi Himo.

Tuwatazame hao marubani. Huko Ulaya rubani hawezi kupangiwa zaidi ya saa 100 za kuruka ndani ya siku 28, wala zaidi ya 900 kwa mwaka. Saa za kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri zimetengwa katika kanuni, kwa sababu mwili wa binadamu wakati huo unadai kulala hata kama kichwa kinabisha. Anayeangukia humo hupunguziwa muda wa kazi. Marekani, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2014 zinampa rubani wa ndege za abiria mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, nane kati yake zikiwa za kulala bila kuguswa. Kisha kabla ya kila safari lazima athibitishe mwenyewe kwamba yuko fiti. Asipothibitisha, hapangwi.

Hayo hayakutokana na huruma za matajiri wa mashirika. Yalinunuliwa kwa damu na kwa kelele. Februari 12, 2009, ndege ndogo ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York, wakafa watu 50. Chanzo kilichotajwa ni jinsi nahodha alivyokosea kuitikia onyo kwamba ndege inapoteza mwendo. Lakini wachunguzi walikwenda mbele zaidi, wakauliza hawa watu walilala wapi. Wakakuta msaidizi wa rubani amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili awahi zamu, na nahodha amejilaza kwenye chumba cha wafanyakazi uwanjani. Familia za marehemu hazikukubali mambo yaishie kwa "makosa ya kibinadamu". Zilikwenda bungeni, zikarudi, zikaenda tena, mpaka kanuni ikabadilika.

Kwetu swali la dereva alilala wapi haliulizwi. Usiku wa Februari 3, 2023, hapa hapa wilayani Korogwe, kijiji cha Magila Gereza, Fuso na Kosta viligongana uso kwa uso. Kosta ilikuwa imebeba msiba kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi. Wafiwa wakawa marehemu: watu wasiopungua 17. Taarifa zilizofuata zilizungumza kuhusu mwendokasi na kutaka kulipita gari jingine. Sidai kwamba kuna dereva aliyesinzia usiku ule. Ninalodai ni kwamba taarifa zetu za ajali zinajua kuhesabu maiti na kutaja mwendo, ila hazina mahali pa kuandika saa. Dereva alianza kazi lini? Juzi alikuwa njia gani? Analipwa kwa mwezi au kwa tripu?

Hapo kwenye tripu ndipo penye kidonda. Dereva anayelipwa posho kwa safari hupenda mwenyewe kugeuza gari siku hiyo hiyo. Nimewasikia wakiomba. Matajiri hulishika jambo hilo na kusema: si mnaona, wao ndio wanaotaka! Ndiyo, wanataka, kama babu zetu walivyotaka kujaza kipande kwenye mashamba ya mkonge ya bonde hili. Kadi hiyo ilikuwa na siku 30 za kazi, na kibarua alikwenda shambani na homa yake ili kadi ijae. Je, aliipenda homa? Mwaka 1958 wafanyakazi wa mkonge wa Mazinde, Korogwe hii hii, waligoma. Ujira ukipangwa hivyo mtu hujichapa mwenyewe, na mwenye mali hana haja ya kushika kiboko.

Msiniambie sheria haipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki. Siku isizidi saa 12 hata ukijumlisha saa za ziada. Na kati ya kumaliza kazi na kuianza tena mtu apumzike saa 12 mfululizo. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Safari ya basi inayozidi saa nane inatakiwa iwe na madereva wawili. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wanafuatilia mabasi kwa VTS, mtambo wa kufuatilia mwenendo wa magari, na wameleta kitufe cha utambuzi ili ijulikane ni dereva gani hasa yuko kwenye usukani. Vifaa tunavyo. Basi likizidisha mwendo, mtambo unalia na faini inatoka. Basi mbona mtambo huo huo haulii dereva anapozidisha saa?

Kwa sababu mwendo ni kosa la dereva, na saa ni kosa la tajiri.

Halafu mwaka 2023 Serikali ikaruhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya zuio la karibu miaka 30. Mimi siupingi uamuzi huo. Mgonjwa wa rufaa na mfanyabiashara wa nyanya wanajua faida yake. Lakini tuliruhusu magari bila kuwaandaa watu. Tumemtia dereva katika zile zile saa za kuanzia saa nane usiku ambazo rubani anakingwa nazo, na kinga tuliyompa ni nyongeza ya ujira wa usiku ya asilimia 5 iliyomo kwenye sheria ya kazi. Asilimia tano haifungui jicho. Na asiye na mkataba ataidai kwa nani? Matokeo yake ni kahawa, mirungi, na dirisha lililoachwa wazi ili upepo umpige usoni.

Wapo watakaoniambia marubani nao wana jeuri. Novemba 5, 2022, marubani wa Kenya Airways kupitia chama chao cha KALPA waligoma, wakidai mchango wa mwajiri kwenye mfuko wao wa akiba na mishahara iliyozuiwa tangu mwaka 2020. Abiria maelfu walikwama, marubani wakatukanwa kwamba ni watu wa mishahara minono wasiojali taifa. Tarehe 9 walirudi kazini kwa amri ya mahakama. Sawa, abiria waliumia, nami sitashangilia mtu kulala sakafuni uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Ila tazama walichokuwa nacho: chama, mkataba, na mwajiri aliyelazimika kwenda mahakamani kuwatafuta.

Madereva wetu waligoma Aprili 2015, wakagoma tena Mei. Stendi ya Ubungo, Dar es Salaam, ikafungwa, mabomu ya machozi yakapigwa. Walikataa kulazimishwa kurudi darasani kila baada ya miaka mitatu, na walidai jambo la pili ambalo wengi tumelisahau: mikataba ya ajira. La darasa lilipata majibu siku ile ile. La mikataba likapewa kamati.

Ndugu abiria, na sisi hatuko safi. Tunampigia dereva kelele aongeze mwendo tuwahi msiba, tunachagua basi linalosifika kwa kufika mapema, kisha tunalia.

Ninachotaka kwa LATRA na idara ya kazi ni kidogo, na hakihitaji bunge jipya. Mmiliki anapokuja kuomba leseni ya njia, aweke mezani mikataba ya madereva iliyosainiwa na ratiba ya zamu inayoonyesha nani anapumzika lini. Kitufe kihesabu saa kama VTS inavyohesabu kilomita. Saa zikizidi, lisimamishwe basi la kampuni, si leseni ya dereva. Dereva akitamka kwamba amechoka, tamko hilo liandikwe, na atakayemfukuza kwa sababu hiyo apelekwe CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Na orodha ya zamu ibandikwe kwenye kioo cha basi, abiria aisome kabla hajapanda: jina la anayeendesha, jina la atakayempokea, na saa ambayo kila mmoja alishuka kwenye usukani jana.