Alipanda Yeye, Wakavuna Wengine

Katika mji mdogo wa Concord, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, liko kaburi la mkulima aliyeitwa Ephraim Wales Bull. Juu ya jiwe la kaburi hilo yamechongwa maneno machache ambayo maana yake ni kwamba yeye alipanda, na wengine wakavuna. Msomaji akiyapita haraka atadhani ni maneno ya kawaida ya msibani. Kwa hakika ni hesabu ya maisha yake, iliyofungwa na kutiwa saini.

Bull alizaliwa mwaka 1806. Kwa miaka mingi alipanda mbegu za zabibu mwitu za nchi yake, akichagua miche michache na kuing'oa iliyobaki, mpaka mwaka 1849 alipopata mzabibu mmoja wenye matunda makubwa meusi, unaostahimili baridi na kuwahi kuiva. Akaupa jina la mji wake, Concord. Mwaka 1853 aliuonyesha hadharani, na mwaka uliofuata akaanza kuuza miche kwa dola 5 kila mmoja. Alipata fedha kwa muda mfupi tu. Wafanyabiashara walionunua miche kwake wakazalisha miche yao wenyewe, wakaisambaza nchi nzima, na mgunduzi hakuambulia kitu. Sheria ya kumlinda mtu aliyegundua mmea mpya ilipitishwa Marekani mwaka 1930, miaka 35 baada ya Bull kufariki katika ufukara.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hatuwapingi wahenga. Lakini mzabibu wa Concord unatufundisha kuongeza neno moja juu ya methali hiyo: chema chajiuza, ila hakichagui mfuko utakaoingia fedha.

Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kuona safu hii ikizungumza habari za mizabibu na mvinyo. Tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu kabla ya kuingia skuli ya Serikali tunaijua hukumu ya kileo, na makala haya hayakuja kuibadili wala kuitafutia udhuru. Lakini mwalimu yule yule alitufunza kwamba hekima ni mali ya muumini iliyopotea, naye huichukua popote aikutapo. Sisi ni watu wa visiwa ambao maisha yetu yamefungamana na zao la mti. Hatuna budi kuangalia yaliyowapata wakulima wadogo wa nchi kubwa waliotegemea zao lao la mti, katika majimbo ambayo dunia haiyataji.

Dunia ikitaja mvinyo wa Marekani hutaja California, jimbo litoalo zaidi ya asilimia 80 ya mvinyo wote wa nchi hiyo. Hata hivyo kila jimbo kati ya majimbo 50 lina kiwanda chake, na yako majimbo ambayo zamani yalikuwa na sifa kubwa. Katikati ya karne ya 19 jimbo la Ohio ndilo lililoongoza, kabla ya magonjwa ya ukungu kuyaangamiza mashamba ya kandokando ya mto wake. Baada ya hapo ikatajwa Missouri, ambako walowezi wa Kijerumani walianzisha mji wa Hermann katika miaka ya 1830 na kupanda mizabibu katika vilima vilivyowashinda watu wa nafaka.

Majimbo hayo yaliisaidia dunia kwa jambo ambalo wanywaji wachache sana wanalijua. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo mwenye asili ya Amerika, aitwaye filoksera, aliingia Ufaransa na kuanza kula mizizi ya mizabibu. Mashamba yaliyorithiwa kwa karne nyingi yalikauka. Dawa iliyopatikana ilikuwa kubebesha mizabibu ya Ufaransa juu ya mashina ya mizabibu mwitu ya Amerika, ambayo mizizi yake ilikwisha kumzoea mdudu yule. Mashina hayo yalitoka Missouri na Texas. Mtaalamu Thomas Volney Munson, wa mji wa Denison huko Texas, alitunukiwa nishani na Serikali ya Ufaransa mwaka 1888 kwa kazi hiyo. Hivyo basi, sehemu kubwa kabisa ya mizabibu ya Ufaransa imesimama leo juu ya mizizi yenye asili ya Amerika. Lakini chupa ikifika mezani husomwa Bordeaux au Burgundy, wala haisomwi Denison. Mizizi ni ya mmoja, jina ni la mwingine, na bei hulifuata jina.

Wafaransa walilifahamu jambo hilo mapema, na mwaka 1935 waliunda chombo cha Serikali cha kulinda majina ya asili ya mazao yao. Wakati huo wenzao wa Marekani walikuwa wanaokota vipande. Kuanzia Januari 1920 mpaka Desemba 1933 katiba ya Marekani ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza vileo. Sisi hatuna sababu ya kuilaumu nia ya marufuku hiyo. Tunalotaka kulionyesha ni kwamba mkulima hakuandaliwa njia nyingine ya kuishi. Mjini Hermann, kiwanda cha Stone Hill kilichoanzishwa mwaka 1847 kilifungwa, na mahandaki yake makubwa yakageuzwa kuwa mahali pa kuoteshea uyoga. Hakikurudia kazi yake ya asili mpaka mwaka 1965. Kwa muda huo wote jina la Missouri lilikuwa limefutika sokoni, na nafasi yake ilikwisha kukaliwa.

Mfano ulio mchungu zaidi unatoka katika eneo la maziwa marefu na membamba la jimbo la New York, liitwalo Finger Lakes. Huko mwaka 1880 mtu aitwaye Walter Taylor alianzisha kiwanda kilichokuja kuwa kikubwa sana. Mjukuu wake, Walter S. Taylor, alifukuzwa katika kampuni hiyo mwaka 1970 baada ya kulaumu hadharani tabia ya viwanda vya eneo lile ya kuongeza maji, na kuchanganya mvinyo ulioletwa kutoka California. Akarudi katika shamba la zamani la babu yake, akaanza upya. Mwaka 1977 kampuni ya Coca-Cola iliinunua kampuni ya Taylor, na mahakama ikamzuia mjukuu kuuza bidhaa zake kwa jina la ukoo wake mwenyewe. Akalifuta jina hilo kwa wino mweusi katika vibandiko vya chupa, akachora mbuzi, akatangaza kwamba jina na urithi wamechukua, lakini mbuzi wake hawakumpata. Watu wa huko walicheka, na chupa zilizofutwa jina zikawa za kutafutwa. Lakini tukimaliza kucheka tutaona jambo zito: mtu aliyezaliwa na jina, katika ardhi ya babu yake, aliambiwa na sheria kwamba jina lile si lake, kwa kuwa lilikuwa limesajiliwa na kuuzwa pamoja na mapipa na mashine.

Je, wakulima wa majimbo hayo walikaa wakilia? La. Walifanya mambo matatu, nayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya.

La kwanza, waliipata sheria ya mkulima mdogo. Makampuni makubwa yalipopunguza kununua zabibu za New York katika miaka ya 1970, jimbo hilo lilipitisha mwaka 1976 sheria iliyomruhusu mkulima kusindika zabibu zake shambani, kwa leseni nafuu, na kumuuzia mteja moja kwa moja mlangoni pake. Kabla ya hapo viwanda vya jimbo hilo vilikuwa vya kuhesabika. Leo vimepita 400. Ardhi ilikuwa ile ile na baridi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni karatasi iliyotiwa saini.

La pili, walililinda jina la mahali. Tarehe 20 Juni 1980 Serikali ya Marekani ililitambua kisheria eneo la kwanza kabisa la mizabibu katika nchi hiyo. Wengi watadhani ni Napa ya California. Sivyo. Ni Augusta, kijiji cha Missouri kandokando ya Mto Missouri, kilichoitangulia Napa kwa miezi kadhaa. Leo maeneo ya namna hiyo yamezidi 270. Kanuni yake ni nyepesi kueleweka: asiyetumia angalau asilimia 85 ya zabibu zilizoota ndani ya mipaka ya eneo, haruhusiwi kuliandika jina la eneo hilo katika kibandiko chake. Jina la namna hii halimilikiwi na ukoo wala kampuni, kwa hiyo haliwezi kuuzwa kama lilivyouzwa jina la Taylor. Ni la kila mkulima aliye ndani ya mpaka na anayetimiza sharti.

La tatu, walikimiliki kiwanda wenyewe. Mwaka 1869 daktari wa meno aitwaye Thomas Welch, muumini wa Kimethodisti aliyechukia ulevi, alichemsha maji ya zabibu za Concord ili yasichache, apate kinywaji cha ibada kisicholevya. Kazi hiyo ikakua ikawa kampuni kubwa ya maji ya zabibu. Mwaka 1956 kampuni hiyo ikawa mali ya ushirika wa wakulima wa zabibu wenyewe, na mpaka leo iko mikononi mwao. Zabibu ile ile iliyomwacha Bull katika umaskini, imewafanya wakulima wa New York, Pennsylvania, Ohio, Michigan na Washington kuwa wenye kiwanda. Na kinywaji chenyewe ni halali hata kwetu.

Haifai kusema kwamba mambo hayo yamemaliza matatizo yote. Mwaka 2021 familia moja ya matajiri ilianza kununua viwanda na mashamba kadhaa ya Augusta, ikiwa na mipango mikubwa ya utalii. Jina la mahali lililindwa, lakini sheria ya jina haimzuii mwenye shamba kuliuza shamba. Kwa hiyo jina bila ushirika ni ukuta wa upande mmoja, na ushirika bila jina ni nyumba isiyo na mlango wa sokoni.

Sasa tugeuke tujitazame. Jina la Zanzibar limefuatana na karafuu katika masoko ya dunia tangu karne ya 19. Mkarafuu wenyewe ulitujia kutoka visiwa vya Maluku, na leo Indonesia ndiyo inayoongoza kwa uzalishaji. Hatutashindana na Indonesia kwa wingi. Kitu ambacho hakuna nchi nyingine inayoweza kukitoa ni karafuu ya Unguja na Pemba, yenye jina la Unguja na Pemba. Sheria ya Mali za Viwanda ya Zanzibar ya mwaka 2008 imezitaja alama za asili ya kijiografia, yaani imeufungua mlango ule ule uliofunguliwa kwa Augusta. Lakini mlango uliofunguliwa haumfai aliyebaki barazani.

Kwa viongozi wenzetu wa Chama na watendaji wa Serikali tunasema haya. Jina la karafuu zetu lilindwe kama mali ya mahali na ya watu wake, na masharti yake yaandikwe huku mkulima wa Wete, wa Mkoani na wa Kaskazini Unguja akiwa ndani ya kikao, asije akasomewa baada ya kikao. Mkulima au kikundi kinachotaka kukamua mafuta, kutengeneza sabuni au kufunga karafuu katika pakiti zake apewe leseni nafuu, kama alivyopewa mwenziwe wa New York. Na ushirika wa wakulima upewe nafasi ya kuwa na hisa katika usindikaji, ili faida ya mwisho isiishie mbali na jamvi la kuanikia.

Kwa wakulima na wachumaji nasi tunalo la kusema, kwani haki huenda pamoja na wajibu. Anayechanganya karafuu na makonyo ili mzani uzidi, anayeanika juu ya uchafu, na anayevusha magendo usiku, huyo analifuta jina lake mwenyewe kwa wino mweusi, na hakuna mahakama iliyomlazimisha. Sheria hulinda jina dhidi ya mgeni. Dhidi ya mwenyewe haina nguvu.

Kizazi cha wazee wetu kilipanda mikarafuu kwa jasho, na wengi wao kwa kulazimishwa na kwa kunyonywa. Mapinduzi yaliirudisha ardhi kwa wananchi. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba jina nalo linabaki mikononi mwa wananchi, pamoja na kile linachokiingiza. Bull aliachiwa jiwe la kaburi limsemee. Sisi tungali hai, na vikao tunavyo. Tuyaseme wenyewe mapema.