Kibali Kisiwe Muhuri wa Kumnyamazisha Jirani



Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kupinga jumba la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa ndani ya Bustani ya Uhuru, Nairobi. Mahakama ikaamua kwamba hana haki ya kuishtaki kampuni husika. Lakini kilio cha umma kiliwafikia wafadhili, na jumba hilo halikujengwa kamwe. Leo kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kutetea mazingira safi, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au madhara.

Mlango ambao Maathai alifungiwa sasa u wazi. Mbona basi tumesimama nje?

Siku hizi tajiri hahitaji kunyakua bustani. Hununua ploti katika mtaa wa makazi, kisha huomba idhini ya kubadilisha matumizi ya ardhi ili ajenge maduka na maofisi. Ombi lenyewe si kosa. Mji ni lazima ukue. Kosa ni ombi kupitishwa gizani: tangazo la herufi ndogo katika ukurasa usiosomwa, bango nyuma ya ua, na majirani wakishtuliwa na ngurumo ya tingatinga.

Mpango wa mtaa ni agano. Aliyejenga nyumba yake aliahidiwa kwamba jirani naye atajenga nyumba. Anayetaka kufunguliwa kutoka katika agano hilo hana budi kuwaomba wote waliofungwa nalo. Faida ataitia mfukoni peke yake, ilhali mfereji wa majitaka uliochimbwa kwa ajili ya familia chache utafurika milangoni mwetu sote.

Watatuambia kwamba tunapinga ajira. La hasha! Mwenye mradi mwema hapungukiwi na kitu akiulizwa maswali mchana kweupe. Anayeogopa maswali ndiye tunayepaswa kumwogopa.

Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inamtaka mwombaji aujulishe umma, nao umma uwe na nafasi ya kuwasilisha pingamizi. Asiyeridhika na uamuzi wa kaunti ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti iliyoundwa kwa kazi hiyo. Na juu ya kamati ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni Jumapili mbili tu. Anayengoja mpaka msingi uchimbwe amekwisha kuchelewa.

Kwa hiyo tunalihimiza kila kanisa na kila chama cha wakazi kichague watu wawili wa kusoma matangazo hayo kila juma, kuyatangaza baada ya ibada, na kupeleka pingamizi kwa maandishi, lenye sahihi za majirani, likagongwe muhuri wa kupokelewa. Manung'uniko ya barazani hayana faili. Barua iliyogongwa muhuri inayo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na safari hii ukuta utajengwa na mwingine, mbele ya dirisha lako.