Bibi akianguka, picha kwanza, mafuta baadaye (Sehemu ya 3)

Mama mwenzangu, leo tuambiane ukweli. Bibi kateleza bafuni, kaangukia ubavu, analalamika nyonga. Nyumbani anachuliwa siku tatu, eti "ni uzee tu." Hapana jamani, hii tabia tuiache.

Nyonga siyo mfupa mmoja. Imeumbwa kama pete: mifupa miwili ya pembeni inashikana nyuma na mwisho wa uti wa mgongo, na mbele inakutana chini ya kitovu. Pete ngumu ikivunjika, mara nyingi huachia sehemu mbili. Ndiyo maana tukiona ufa mmoja tunatafuta wa pili.

Kijana mwenye mifupa iliyoshiba huvunjika kwa kishindo kikubwa, kama ajali ya bodaboda. Bibi aliyekoma hedhi zamani mfupa wake umepungua ndani, umebaki na nafasi nyingi kama sponji. Kuanguka tu akiwa amesimama kunatosha. Akiwa mwembamba, hana hata nyama ya kupokea kishindo.

Ndani ya pete hiyo kuna kibofu na mishipa mikubwa ya damu. Damu inaweza kuvuja ndani na nje usione hata tone. Sasa wewe unachua nini? Usimsimamishe, usimgeuzegeuze. Mpeleke hospitali akiwa amelala.

Na binti yako je? Mfupa hujengwa mpaka karibu miaka 30. Mpe dagaa, maziwa, na mwache aruke kamba. Uzee wake unaanzia jikoni kwako.