Kasapa: kabla ya kununua jenereta kubwa, pimeni joto la seva

Umeme wa SNEL unapokatika Lubumbashi, swali la kwanza katika ofisi nyingi ni nani atalipia mazutu. Kwenye kampasi ya Kasapa, makao ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, lipo swali linalopaswa kutangulia: umeme unaoingia katika chumba cha seva unaliwa na nini?

Karibu umeme wote unaotumiwa na seva hugeuka kuwa joto. Rafu inayokula kilowati 5 ni sawa na pasi tano zinazowaka usiku na mchana. Viyoyozi vikihitaji kilowati 5 nyingine kuliondoa joto hilo, gharama ni maradufu. Google, kwa wastani wa vituo vyake vikubwa, huongeza takriban sehemu moja tu ya kumi.

Wengi hudhani chumba cha seva lazima kiwe baridi kama friji. Sivyo. ASHRAE, chama cha wahandisi wa upoozaji chenye makao Marekani, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kuchoma mazutu ili kutengeneza baridi iliyojaa nje ya dirisha ni kuchimba kisima ukiwa kando ya mto.

Wapo watakaosema kiangazi kina vumbi, na Oktoba kuna joto kali. Ni kweli. Kwa hiyo vichujio ni lazima, na kiyoyozi kibaki kwa miezi hiyo. Lakini kuziba nafasi tupu za rafu, kutenganisha hewa baridi ya mbele na ya moto ya nyuma, na kuzima mashine zisizo na kazi hakuhitaji pesa nyingi.

Hili si suala la bili peke yake. Mara nyingi umeme ukikatika, betri huendelea kulisha seva huku kiyoyozi kimezimika. Joto hupanda kwa dakika chache, mashine hujizima, na usajili na matokeo ya wanafunzi hukwama.

Chuo kina Kitivo cha Polytechnique. Wanafunzi wake wapewe mita mbili, moja ya seva na moja ya viyoyozi, wapime mwaka mzima. Jenereta inunuliwe baada ya hapo.